Kabla ya Kumpima Mate, Muulize

(Mada iliyosomwa Ruiru mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la kwanza la Ramadhan. Imepangwa upya kidogo ili isomeke.)



Ndugu yangu msomaji, shukrani zote ni za Allah aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Nilipoombwa nitoe mada, wenzangu walitarajia nizungumzie fadhila za daku au adabu za itikafu. Mimi nimechagua kuzungumzia mate. Ndiyo, mate haya haya ya mdomoni. Najua umetabasamu. Kila Ramadhan swali la kwanza la watoto wa madrasa ni hilo: maalim, nikimeza mate, saumu yangu imevunjika? Maalim wetu kule Thika alikuwa akijibu bila hata kuinua macho kwenye msahafu: mate yako mwenyewe hayakufunguzi, endelea kusoma.

Basi leo nakuletea swali lingine la mate. Je, mate ya mtu yanaweza kutuambia kwamba ana huzuni iliyomzidi nguvu? Sikulitoa swali hili kitabuni. Lilitoka nyumbani kwetu.

Kaka yangu wa Ruiru

Nina kaka, mtoto wa mamangu mkubwa, anakaa Ruiru. Alifanya kazi kiwandani miaka sita. Kiwanda gani, hilo tuliache. Miezi minne kabla ya Ramadhan iliyopita akaambiwa kazi imepungua, asirudi. Kila Jumamosi alikuwa akija kwetu Majengo, Thika, kufuturu nasi. Na alikuwa akitufanya tucheke mpaka uji unatupalia. Ukimuuliza, "Kaka, vipi?" anakujibu, "Niko poa, alhamdulillah."

Lakini shati lilikuwa linampwaya. Tarawehe alikuwa akikaa safu ya mwisho, na baada ya rakaa nne humuoni tena. Simu hashiki. Mama mkubwa akasema amepunguza dhikri. Mjomba akasema huyu ana jini, apelekwe akasomewe. Jirani mmoja akasema, tena kwa sauti, kwamba ni uvivu tu, kijana mzima hawezi kukaa miezi minne bila kutafuta kibarua.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea kazi za maabara, na muhula huo tulikuwa tumefundishwa kuhusu homoni za stresi. Nikajiona nimepata dawa ya ubishi wote. Nikasema moyoni: nitampima mate. Karatasi ya maabara itasema, na kila mtu atanyamaza.

Nikamwendea fundi wa maabara yetu, mzee mmoja mpole. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: utachukua mate saa ngapi? Nikasema jioni, akija kufuturu. Akauliza, siku hiyo ameamka saa ngapi? Sijui. Analala mchana? Sijui. Anatumia dawa ya pumu au ya ngozi? Sijui. Usiku analala? Sijui. Akavua miwani, akaniangalia. "Kijana, huyu kaka yako umewahi kumuuliza chochote?"

Wallahi niliona haya. Na mada yangu yote ya leo imo ndani ya swali hilo. Lakini ili ulielewe vizuri, hebu kwanza nikueleze mate yana nini.

Kotisoli, homoni ya kuamka na kuhangaika

Juu ya kila figo yako kuna tezi ndogo kama kofia. Ubongo ukiona hatari, au ukiona kazi kubwa inakuja, hutuma ujumbe kwenye tezi hizo, nazo humwaga homoni inayoitwa kotisoli ndani ya damu. Kotisoli huongeza sukari kwenye damu ili upate nguvu, na hupunguza shughuli ambazo mwili unaweza kuziahirisha. Wanasayansi watatu, Kendall, Reichstein na Hench, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizi.

Usiifikirie kotisoli kuwa ni sumu. Bila kotisoli mtu hawezi kuishi. Kila siku ina safari yake: iko juu asubuhi, hupanda zaidi katika nusu saa hivi ya kwanza baada ya kuamka, kisha hushuka pole pole mpaka usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Taabu huja pale ambapo hofu haiishi. Kodi ya nyumba haijalipwa, mtoto anaumwa, kazi hakuna, na kesho ni vivyo hivyo. Hapo mwili hukaa macho kama mlinzi asiyepokezwa zamu.

Sehemu ndogo ya kotisoli ya damu, ile iliyo huru, hupenya mpaka kwenye mate. Ndiyo maana watafiti wanayapenda mate. Hakuna sindano, na sindano yenyewe humtisha mtu ikapandisha kotisoli. Unapewa kipande cha pamba, unakiweka mdomoni dakika moja au mbili mpaka kilowe, unakitia kwenye kichupa, unaandika saa. Kichupa kinahifadhiwa kwenye baridi kali. Maabara huyakamua mate yale na kuyapima kwa kemikali inayobadilika rangi.

Rahisi, sivyo? Lakini masharti yake ni mengi. Kabla ya kutoa mate usiwe umekula, umekunywa chai, umevuta sigara wala kutafuna miraa. Ukipiga mswaki fizi zikatoka damu, kipimo kinaharibika. Mimba hubadilisha kipimo, dawa kama prednisoloni hukibadilisha, kazi ya zamu ya usiku hukibadilisha. Na kichupa kimoja hakitoshi. Huchukuliwa vichupa kadhaa kwa siku, tena siku zaidi ya moja, kwa sababu mate ya saa moja asubuhi na ya saa moja jioni ya mtu yule yule ni kama mate ya watu wawili.

Yaliyopatikana hapa kwetu Kenya

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Kenya hii mate yamepimwa sana.

Mwaka 2013 watafiti Chemin, de Laat na Haushofer walitoa matokeo ya mate ya wakulima maskini wa Kianyaga, upande wa Kirinyaga, pamoja na ya mafundi wa vyuma wa jua kali wa Nairobi. Walilinganisha kotisoli na picha za setilaiti zinazoonyesha mvua. Wakakuta mvua ikipungua, baada ya siku 10 hadi 20 kotisoli inapanda, na inapanda zaidi kwa mkulima kuliko kwa fundi wa mjini. Yaani wingu likikataa, mate ya mkulima yanajua. Wewe uliye na shangazi au babu shambani hushangai. Unajua anavyoangalia mbingu.

Baadaye, katika somo lililochapishwa 2020, mafundi wa vyuma wa Nairobi walipangwa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa bima ya afya bure, wengine wakapewa pesa za thamani hiyo hiyo. Waliopata bima stresi yao ilipungua, kwa maneno yao wenyewe na pia kwa kotisoli ya mate. Waliopewa pesa taslimu hawakupata nafuu hiyo. Fikiria hapo, ndugu yangu. Kilichotuliza mwili ni kujua kwamba nikivunjika mguu kesho, kuna pa kukimbilia.

Sasa njoo Rarieda, kule Siaya karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2011 na 2012 familia maskini zilipewa pesa bila masharti, na Haushofer na Shapiro wakachapisha matokeo mwaka 2016. Watu walisema wana furaha zaidi na wameridhika zaidi na maisha. Huzuni na stresi wanazozisema wenyewe zilipungua. Lakini mate, kwa jumla, hayakuonyesha tofauti. Baadhi ya makundi tu ndiyo yalionyesha kotisoli kushuka, kwa mfano waliopewa kiasi kikubwa.

Basi tumwamini nani, mdomo au mate ya mdomo huo huo? Wote wawili, kila mmoja kwa kazi yake. Mate yanapima mwili ulivyojiweka tayari. Hayapimi kama mtu anaona kesho yake.

Je, mate yanaweza kutambua sonona?

Sonona ndiyo ile huzuni nzito inayoitwa dipresheni, na ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kuna zaidi ya watu milioni 280 wanaougua.

Kwamba sonona na kotisoli zinahusiana, hilo halina shaka. Wagonjwa wengi wa sonona kali wana kotisoli ya juu, au kotisoli isiyoshuka usiku inavyopaswa. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha kazi yao juu ya vijana zaidi ya 1,800 wa miaka 12 hadi 19. Wavulana waliokuwa na dalili za huzuni pamoja na kotisoli ya juu asubuhi walikuwa na hatari ya kupata sonona kali mara 14 kuliko wale wasiokuwa na vyote viwili. Kwa wasichana tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kama mara 4.

Lakini soma tena sentensi hiyo. Kotisoli *pamoja na* dalili za huzuni. Na dalili walizijuaje? Waliwauliza.

Kipimo cha mate peke yake hakitoshi, kwa sababu wapo wagonjwa wa sonona wenye kotisoli ya kawaida kabisa, na wapo watu wenye kotisoli ya juu ambao hawana sonona, wana mtihani wa hesabu tu. Madaktari walishapita njia hii. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake Marekani walitangaza kipimo cha kotisoli cha kutambua sonona kali. Watu wakafurahi sana, kwamba sasa ugonjwa wa moyo mzito utaonekana maabara kama malaria. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba kupungua uzito, pombe na maradhi mengine pia yanakiharibu kipimo hicho. Hospitali zikakiacha kama njia ya kuamua nani ana sonona.

Kwa hiyo ukikutana na mtu stendi ya matatu ana mashine ya kushika mkononi, anakuambia kwa shilingi kadhaa itakusomea stresi, figo na ini kwa dakika moja, mwambie maashallah kisha upite. Kaka yangu alilipa mmoja kama huyo. Akaambiwa ana "mafuta kwenye neva", akauziwa chupa mbili za dawa. Hizo zilikuwa pesa za unga.

Na Ramadhan hii?

Ramadhan inabadilisha saa zetu. Tunaamka daku, tunalala baada ya Alfajiri, tunakesha. Mwaka 2013 watafiti wa Jeddah, Saudia, walichapisha kipimo cha watu 23 wenye afya, kabla ya Ramadhan na ndani yake. Walipima damu asubuhi na usiku. Ile tofauti ya kawaida, asubuhi juu na usiku chini, ilikuwa imepotea katika Ramadhan. Hawakuwa wagonjwa. Ratiba ya usingizi na chakula ilikuwa imegeuka. Sasa fikiria kama ningempima kaka yangu jioni ile kabla ya futari. Ningepata namba, na ningewadanganya watu wa nyumbani kwa namba hiyo.

Hata dalili zenyewe tuziangalie kwa makini mwezi huu. Madaktari hutumia maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: Je, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Una huzuni au umekata tamaa? Usingizi ukoje? Unachoka? Chakula? Unajiona umeshindwa au umeiaibisha familia? Unaweza kutuliza akili kwenye jambo moja? Unafanya mambo pole pole mno, au hutulii? Na la tisa, umefikiria kwamba ni heri ungekufa au ujiumize? Maswali haya yametumika Kenya kwa miaka mingi. Usingizi, chakula na uchovu, Ramadhan inavivuruga kwa kila mtu. Kwa hiyo tazama zaidi yale mawili ya mwanzo. Mtu aliyekuwa akiisubiri tarawehe, sasa haioni ladha yake. Aliyependa mpira, hata matokeo haulizi. Kwa wiki mbili, karibu kila siku. Huyo usimngojee Idi.

Je, ni upungufu wa imani?

Swali hili ndilo linalowafunga watu midomo. Ndugu yangu, unajua sira. Mwaka aliofariki Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, Mtume wetu (S.A.W.) alihuzunika mpaka mwaka wenyewe ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka. Nani kati yetu atasema walipungukiwa na dhikri?

Dua isome, na Qur'ani msomee mgonjwa, ni tiba na ni faraja. Lakini usiifanye dua kuwa mlango wa kumfungia mtu nje ya hospitali. Mwenye kisukari tunamsomea na tunampeleka kupima sukari. Kwa nini mwenye sonona tumsomee tu? Na kama anatumia dawa za sonona, asiziache kwa ajili ya saumu bila kumuona daktari. Mara nyingi saa za kumeza zinaweza kupangwa upya, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Mambo ya kufanya

La kwanza, uliza, tena muulize mkiwa wawili tu. "Uko poa?" ni salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Sema ulichokiona: "Kaka, naona siku hizi huli na unaondoka mapema. Usiku unalala?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

La pili, usiogope swali la tisa. Kumuuliza mtu kama amefikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, na mtafute msaada siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Wengi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, maana sheria ilimwadhibu aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba.

La tatu, acheni mzaha wa Mathari. Hospitali ile iko kando ya Thika Road, tunaipita tukienda mjini, na kwenye matatu hakukosi wa kusema, "Dere, shusha huyu hapa." Iko hapo tangu 1910, na wanaotibiwa humo ni watu wa nyumbani kwetu.

La nne, vijana msidhani hamna la kufanya. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya mpango uitwao Shamiri, katika sekondari nne za kaunti za Nairobi na hii yetu ya Kiambu. Wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi walishiriki. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza sekondari juzi juzi tu, umri wenu ninyi. Walikutana mara nne, wakazungumza juu ya shukrani, juu ya mambo wanayoyathamini, na juu ya mtu kuweza kubadilika. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Jumuiya yetu ina madarasa, ina mikeka, ina vijana. Tunakosa nini?

Nilivyomuuliza

Siku ya pili baada ya maneno ya yule mzee wa maabara, nilipanda matatu Thika, nikapita Juja, nikashuka Ruiru kabla ya Magharibi. Nilikuwa na tende na sambusa za mama. Kaka alifungua mlango, akaanza vichekesho vyake. Tukafuturu. Tukaswali. Kisha nikamwambia, kaka, mimi naona huko sawa, na nimekuja nikusikilize.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia hajalala usiku mzima tangu alipoachishwa kazi. Akaniambia vichekesho huviandaa ndani ya matatu akija Thika, ili mama mkubwa asimuulize. Akaniambia na jambo lingine, lile la tisa. Nililala huko usiku ule. Asubuhi tulikwenda hospitali ya serikali, tukapanga foleni, na muuguzi akamuuliza maswali yale yale tisa. Hakuna aliyemwambia ateme mate.

Leo yuko nafuu, alhamdulillah. Anatumia dawa, anaonana na mshauri, na amepata kibarua cha siku tatu kwa wiki. Hajapona kabisa, na amenipa ruhusa nikuambie haya, ili na wewe umtembelee wako.

Sayansi ya mate ni ya kweli, na mimi bado naisomea. Imewaonyesha wakubwa wa dunia kwamba ukame, ukosefu wa kazi na ukosefu wa matibabu vinaingia mpaka ndani ya mate ya maskini. Hilo si jambo dogo. Lakini nyumbani kwako huna maabara. Una ulimi, una masikio, na una jioni za futari zilizobaki. Kuna mtu kwenye mkeka wako anachekesha wenzake na shati linampwaya. Muulize.

Allah atukubalie saumu zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.